Kipozamataza wa Kituo cha Basi

Slite, Gotland
1 Machi 1992

Mdogo wangu Hilja,

Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa mzima na goti lako limeacha kulalamika. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na daktari ananitaka kwa vipimo tu, vile vya wazee.

Batamaji walipita juzi, wakiruka karibu kabisa na maji, wakielekea kwako. Theluji bado ipo, kwa hiyo kwezi na wale waimbaji wa angani, vipozamataza, wamechelewa. Wakifika nitakuandikia, nawe utajua uanze lini kutazama juu.

Sasa habari yenyewe: nimekata tiketi. Meli ya Stockholm hadi Tallinn, tarehe kumi na nane Aprili. Tangu usiku ule wa mashua nilipoikimbia vita, mwaka arobaini na nne, sijavuka maji haya kuja upande wenu. Usifanye mambo makubwa. Chumba cha darini kinanitosha.

Kaka yako,
Meinhard

Hiiumaa
10 Machi 1992

Kaka,

Goti linalalamika lakini sasa halisikilizwi, maana barua yako imenipandisha na kunishusha ngazi siku nzima. Wengine wote hatujambo: mimi, paka na ng'ombe.

Darini kuna vitunguu. Utalala chumba cha baba. Nimepaka chokaa kuta zote na mgongo wangu unakusalimia. Nilimwambia Pärtel, yule jirani uliyekuwa ukimfukuza kwenye matango yetu. Akauliza, "Meinhard yupi? Aliyekimbia akatuachia viazi vyote ardhini?" Nikasema ndiye huyo. "Basi aje na jembe," akasema, akaenda zake akicheka peke yake njia nzima.

Batamaji wako wamefika. Vipozamataza bado. Na wewe, tafadhali, kula kitu kabla hujatoka nje asubuhi. Najua umejalidi vitabu vya dunia nzima na umevisoma pia. Lakini mama alituwekea kipande cha mkate mweusi chini ya mto kila Machi ili ndege wa kwanza asitudanganye tukiwa na tumbo tupu. Anayemsikia kabla hajala amedanganywa, na mwaka wake hauendi anakotaka. Usinichezee mwaka huu.

Mdogo wako,
Hilja

Slite
17 Machi 1992

Mdogo wangu Hilja,

Nakusalimu, na natumaini chokaa imekauka na mgongo umenyooka. Mimi afya yangu ni nzuri. Daktari amesema hivyo kwa maandishi. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kwa kipimo cha damu walinikataza kula tangu jana yake. Asubuhi nikasimama kituo cha basi, bila hata tone la kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna shamba la ngano, na theluji ilikuwa imeanza kuachia mistari ya udongo. Kipozamataza akapanda kutoka pale. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliimba hadi basi likaja, nami nikiwa na tumbo tupu kama ngoma.

Usinicheke. Mimi mwenyewe nilicheka ndani ya basi. Lakini nilipofika nyumbani nikaitazama ile tiketi, na sikuitazama kama zamani. Bahari ya Aprili ni mbaya, na treni za kufikia meli hazina mpangilio. Nimepiga simu, nimesogeza safari hadi Septemba. Miezi mitano si kitu kwa watu kama sisi.

Kaka yako,
Meinhard

Hiiumaa
26 Machi 1992

Kaka,

Mimi ni mzima. Wewe sijui.

Barua yako niliisoma mara moja nikiwa nimekaa, mara ya pili nikiwa nimesimama, mara ya tatu nikamsomea ng'ombe, naye akageuza kichwa. Mwaka juzi ulipoahirisha ulisema barafu. Mwaka jana ulisema meno. Sasa ni kindege kisichozidi uzito wa yai! Mtu mzima, mwenye miwani miwili!

Haya, kama ni ndege, dawa yake ipo, nawe unaijua. Mama alidanganywa na korongo ile asubuhi ng'ombe alipozaa. Alifanya nini? Alikwenda akauma mti. Udanganyifu ukabaki kwenye gome, mti ukakauka tawi moja, mama akaendelea na kazi zake. Nenda kwenye kituo chako cha basi, tafuta mti, uung'ate. Uung'ate sawasawa, si kuubusu.

Pärtel anasema kama meno ndiyo yanayokusumbua, chagua mti mlaini.

Na kama si ndege, Meinhard, niambie ni nini. Septemba si neno la kuniandikia mimi. Septemba ndipo ulipoondoka.

Mdogo wako,
Hilja

Hiiumaa
8 Aprili 1992

Kaka,

Tunaendelea vizuri. Posta imekuja mara mbili bila chochote chako.

Nilikuwa mkali. Kwezi wameingia kwenye sanduku lao la kiota, wanatupa nje majani ya mwaka jana, na vipozamataza wamejaa juu ya shamba. Nikiwatazama, hasira haikai.

Nikwambie kabla hujaona mwenyewe: mitufaa yote ilikufa kwa baridi. Bafu la moshi, tulimokuwa tukijifukiza, liliungua. Paa si la matete tena. Na mimi nimekuwa mfupi. Hata mimi, nikienda bandarini kukupokea, nitajikuta namtafuta kijana wa miaka ishirini na sita. Itabidi unishike mkono wewe kwanza.

Mdogo wako,
Hilja

Slite
14 Aprili 1992

Mdogo wangu Hilja,

Uwe mzima ukifungua hii, na ukae chini.

Niliuma mti. Ni mbetula, mti wa gome jeupe, nyuma ya kituo. Mama mmoja mwenye mbwa alisimama akaniuliza, "Babu, unajisikia vibaya?" Nikamwambia, "Hapana, mama, najitibu." Akamvuta mbwa wake wakavuka barabara.

Gome lilikuwa chungu, nami nikabaki pale nikitema na kufikiri. Umeuliza ni nini. Ni hivi. Miaka arobaini na minane nimekuwa na kijiji kizima kichwani. Kila lango liko mahali pake, mitufaa inazaa, wewe una miaka kumi na tisa na umekasirika kwa sababu sikukuaga vizuri. Nikishuka kwenye meli, kijiji hicho kitakwisha siku hiyohiyo, na sina kingine. Hilo ndilo lililoimba pale kituoni.

Halafu ukaniandikia kuhusu mitufaa. Nililia kidogo, nikala, nikapiga simu. Nakuja tarehe ishirini na tano, mwezi huuhuu. Mkono nitakushika mimi kwanza.

Kaka yako,
Meinhard

Mezani, jikoni kwako
Jumatatu asubuhi

Hilja,

Umelala vizuri na unakoroma kama marehemu baba, nimeona haya kukuamsha.

Bata bukini wameshuka malishoni, wengi mno, weusi na weupe. Nimechukua mabuti ya marehemu shemeji. Yananibana lakini yanakwenda. Pärtel amenipigia kelele kutoka uani kwake: "We Meinhard, hiyo njia ina maji!" Hakunisalimu, hakunishangaa. Amenikaripia tu, kama mtu wa hapa.

Nilidhani nitakuwa nalinganisha kila kitu na vilivyokuwa. Tangu juzi sijalinganisha. Nimekuwa nikitazama tu.

Usiniwekee chai. Nakwenda hadi ufukweni kuona kama korongo nao wapo. Mchana nitarudi nyumbani.

Kaka yako