Nafuu ya Kodi na Mkubwa wa Nyumba Hii

Jumatatu, 3 Machi

Nimetimiza sitini na tano! Sasa pensheni yangu inaingia kwenye nafuu ya kodi ya wazee. Miaka yote nimekatwa kodi ya mapato kimyakimya. Na mimi nipumue. Nitaziba paa la sebuleni — beseni limekaa pale chini mpaka wajukuu wanadhani ni fanicha. Mke wangu aliniamkia shikamoo kama kila asubuhi, akaongeza kwamba sasa mimi ni mzee rasmi. Nikamwambia avumilie, yeye bado miaka minne.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi mikono mitupu. Ofisi ya kodi inataka mume na mke waje pamoja na vitambulisho, kwa kuwa wote tunalipwa pensheni. Haya! Nikamwambia mke wangu kesho twende. Kesho hawezi, ana nguo za kufua.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nguo. Leo goti. Goti hilohilo limempeleka sokoni na kumrudisha na kikapu kimejaa! Karatasi zote za nyumba hii anatunza yeye, lakini kitambulisho chake eti hajui kilipo. Amekuwa mkunga maisha yake yote, anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa huu — kitambulisho, hapana. Mvua imenyesha tena. Nimemwaga beseni peke yangu. Nimechoka kubembeleza.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yetu amempigia mama yake simu, naye akakubali. Kitambulisho kikaonekana papo hapo! Njia nzima alikishika mwenyewe.

Karani alikisoma, akatazama kompyuta, akasema:

"Baba, wewe unaanza mwaka huu. Mama alistahili tangu miaka mitatu iliyopita. Mbona hakuja?"

Nikamwambia kompyuta yao ni mbovu. Akanigeuzia kitambulisho. Sitini na nane! Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Miaka mitatu anakatwa kodi bure, paa linavuja, ili mimi nisijue! Na kodi za nyuma hazirudishwi. Tangu tuoane mimi ndiye mkubwa — namkataza, namwelekeza, namwambia bado mdogo, ataelewa akikua. Naye anaitikia! Njiani nikamwuliza kwa nini.

"Ulitaka mke mdogo," akasema. "Nikakupa."

Nina hasira. Nina aibu pia, nikikumbuka nilivyokuwa namsomesha.

Jumamosi, 8 Machi

Chai iko mezani. Siku zote shikamoo yake huniwahi kabla sijavuta kiti. Leo kimya. Amekaa mbele yangu, mikono kifuani, goti limepona. Maji yanadondoka kwenye beseni. Nimefungua shajara hii nionekane nina kazi.

Chai inapoa. Bado ananitazama — anasubiri shikamoo yake.