Zafarani Amefika Salama

Kabiria, Nairobi
9 Agosti 1971

Dada Saleha,

Pokea salamu za paka kwanza, maana najua ndiye uliyemwombea dua kuliko mimi. Zafarani amefika salama! Ndani ya ndege nilimpakata kwenye kikapu, na ulivyokishona mfuniko kwa uzi wa gunia, hata pua haikutokeza. Tulipopaa akalia kama mtoto. Mhudumu akaja mbio: "Mama, umebeba nini humo?"

"Paka, mwanangu. Nisingeweza kumwacha nyumbani."

Akalitazama jicho langu lililovimba. Akamletea maziwa.

Hapa kwa shangazi Salme baridi haina adabu. Zafarani habanduki kando ya jiko.

Mume wangu Shamsudin akija kuniulizia, mwambie hujui niliko. Unakumbuka kule kwetu, akiingia tu, paka alikimbilia uvunguni? Basi jana upepo uliubamiza mlango kwa kishindo kilekile cha Shamsudin. Nikainama kumtafuta uvunguni, simwoni. Kumbe yuko palepale kando ya jiko, amelala, hata sikio hakulitikisa.

Nikarudi kitini, dada, nikamaliza chai yangu ingali moto.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanasiti