Kaburi la Kiunga

Mpendwa Baba Ruthi,

Umelazwa mahali ambapo mama yako hapajui hata kwa jina. Homa ilikushika Kiunga, ulikopelekwa kufundisha muhula mmoja tu. Habari ziliponifikia Lamu nilipanda mashua asubuhi ile ile, nikafika umeshazikwa. Waliokuzika ni wavuvi, wazazi wa wanafunzi wako, nao walikuelekeza kibla kama wanavyowafanyia wafu wao. "Maiti halazwi hadi kesho, Bi," mmoja aliniambia kwa upole. "Tumemsitiri kama wetu." Ningewakasirikiaje? Kwetu maiti humsubiri aliye mbali. Kwao kumsubirisha ni kumtesa. Uso wako sikuuona.

Unakumbuka tulivyokuja huku Lamu mara ya kwanza? Wewe mtu wa milimani umeng'ang'ania ubao wa mashua, kofia imelowa chepechepe, nami nakucheka huku natapika. "Cheka tu, Mama Ruthi," ukasema. "Hata maji haya yana mwenyewe." Jibu lako lilikuwa hilo kwa kila jambo, hata chumvi ikituishia. Mtoto wetu wa pili alipofia tumboni, ulinishika mkono ukaniambia hakuna kinachomponyoka Mungu. Siku ile neno hilo lilinishikilia. Leo nalitafuta silipati.

Bi Zuhura, jirani yetu hapa Mkomani, huniletea uji kila alasiri. "Ni kadari ya Mngu, mwanangu," husema. "Haina ndia ya kuikimbia." Ni yale yale yako, na yananichoma vilevile, ila uji wake naunywa. Mama yako ametuma watu kuuliza unaletwa lini. Amekwisha kufyeka pa kukuzika, nyuma ya migomba. Sijamjibu.

Nikisali, nafika pale pa kumwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, naishia hapo, nainuka. Nimemkasirikia sana. Juzi nilijaribu kujiambia kwamba ilikuwa homa tu, kwamba hakuna aliyekuwa akitutazama. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa Kiunga. Basi nimebaki naye, maana hasira hii sina pengine pa kuipeleka, na kama hakuwako kando ya kitanda chako, basi ulikufa peke yako. Hilo siliwezi.

Lala, mwalimu. Mchanga huo nao una mwenyewe. Nalisema kwa sababu wewe ungelisema, mimi moyoni bado.

Mkeo,
Mama Ruthi