Maneno ya Nyumbani Kwako, Uwanjani

Mpendwa Shangazi Zuwena,

Juzi nilipita kwenye kiwanja cha chuo nikasikia jambo ambalo ungelicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nitakueleza. Lakini unanijua, siwezi kuanzia mwisho, nitaogopa kwamba nimeacha kitu. Niache nianze pale wewe na mimi tulipoanzia.

Unakumbuka nilipohamia kwako kutoka Nizwa. Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika wizara moja kule Maskati, na masomo yangu yakahamishiwa chuo cha jioni. Ulinipa chumba cha mbele, mtaa wenu mpya wa Mabela bado unanuka saruji mbichi na nyumba za jirani hazina hata mageti. Asubuhi Rashidi, mwanao, alinishusha ofisini. Alasiri ilikuwa mazoezi ya timu ya chuo, kisha darasa. Ulikuwa ukisema mimi ni mtu wa ajabu, naogopa mkuu wangu wa kazi, naogopa simu ikilia, lakini siogopi kupigwa ngwala na beki mwenye kilo za ng'ombe.

Kocha wetu, Msudani mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amesikia habari zangu za Nizwa. Kule nilicheza mbele, ambako mtu hana haja ya kusema, anapiga tu. Yeye akaniweka kiungo, katikati kabisa, mahali pa yule anayewaambia wenzake wakimbilie wapi. Nafasi hiyo ilikuwa ya Badar. Badar akasogezwa pembeni kulia. Hakugombana nami. Aliniangalia tu kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekalia kiti chake bila kuuliza.

Miguu yangu ilifanya kazi, ulimi ukakataa. Nilizaliwa Tabora na Kiarabu changu nilikisoma vitabuni. Nikiandika, hakuna anayejua nimetoka wapi. Nikipiga kelele, wanajua wote. Nizwa waliniigiza sana, basi nikazoea kuipanga sentensi nzima kichwani na kuikagua kabla ya kuitoa. Ofisini huo huitwa ustaarabu. Uwanjani, nikishamaliza kuikagua, mpira umeshakwenda na wenyewe. Badar akawaambia wenzake kwamba watu wa Nizwa wametuma mchezaji, wamesahau kumfungia na ulimi wake. Walicheka, na mimi nikacheka nao, ili nisionekane.

Kisha kocha akaniita kando. Alhamisi ya wiki iliyofuata tulikuwa na mechi na chuo ambacho wenzangu hawakuwahi kukifunga. Alinieleza bila ukali kwamba kiungo asiyesema ni mlingoti tu. Nisiposema siku hiyo, Badar atarudi katikati, nami nitakaa benchi mpaka mwaka wa masomo uishe.

Nilirudi nyumbani nikakuhadithia. Nilitegemea unionee huruma. Wewe ukauliza, "Ushawalisha?"

Sikuelewa. Ukanikumbusha kwamba ulipohamia Mabela ulipeleka sahani kila mlango kabla hujatandika hata zulia. Anayehamia hangoji kukaribishwa, ulisema. Yeye ndiye anayeita watu waje kula. "Umekwenda kwa watu mikono mitupu, baba, halafu nnakusikia unalalamika hawakupendi. Ijumaa waje hapa."

Wakaja, baada ya sala, wamebanana nyuma ya pikapu mbili. Ulikuwa umepika biriani, na samaki wa kupaka pembeni kwa asiyetaka nyama. Magoti yako hayakukuruhusu kutembea sana, kwa hiyo ulikaa kwenye kibao chako jikoni ukaiendesha nyumba nzima kwa sauti, kama kawaida yako. Sisi tulioishi humo hatukuhitaji sentensi. Ulitaja mahali tu, na mtu alikwenda.

"Sinia la pili barazani! Maji uani, yatapata moto hayo! Nani yuko mlangoni, mfungulieni!"

Nilikuwa nashika birika, watu wananawa. Kabla sijaliweka chini, Badar alikuwa ameshasimama. Hakuuliza uani ni wapi. Alipita ukumbini, akaingia ujia wa nyuma, akarudi na ndoo ya maji. Saidi, beki wetu, alikwishakwenda mlangoni. Wengine wawili walibeba sinia. Halafu wote wakatambua walichokifanya, wakatazamana. Maana chuoni hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kutamka neno la Kiswahili, kumbe makwao, kama kwetu, ndiyo lugha ya jikoni. Hamed peke yake, mtoto wa Qurayyat ambaye ukoo wake haujawahi kuvuka bahari, alibaki amekaa na tonge mkononi, akiuliza kwa Kiarabu kwani mama amesema nini hata watu wote wameinuka.

Wewe ukachungulia. "Kumbe! Weye mtoto wa nani?"

"Wa Bi Salma, shangazi," Badar akajibu, macho chini. "Wa Mkoani, kule visiwani."

"Bi Salma wa Mkoani? Basi kaa ule, usinifanye nije kukulisha kwa mkono kama alivyokuwa akikulisha mamako."

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Hayakwisha. Mazoezi yaliyofuata Badar alikuwa yule yule. Nilipojaribu kumsalimia kwa Kiswahili alinisogelea akanijibu chini chini, "Ya nyumbani yabaki nyumbani." Akaondoka. Nami sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi hivyo miaka yote.

Alhamisi ukasema unakuja. Rashidi aliegesha gari kando ya uzio, karibu na mstari, ukateremsha kioo. Nilikuona tangu tunapasha misuli, na hofu ikaongezeka. Kipindi cha kwanza tulifungwa bao moja, na yangekuwa zaidi kama si kipa wetu. Mimi nilipokea mpira, nikatazama, nikaanza kupanga maneno, nikanyang'anywa. Mara ya kwanza, na ya pili. Wakati wa mapumziko kocha hakunitazama. Alimwambia Badar ajiandae kuingia katikati ikiwa nitaanza vile vile.

Nilikuja kwenye gari kuomba maji. Hukunipa maneno matamu. Ulisema, "Nyumbani kwangu ungekufa njaa. Mtu hataji anachotaka." Kisha ukanishika mkono kupitia dirishani, mkono wako unanuka iliki. "Wale walikula kwangu. Watu wa sinia moja hawaoneani haya. Nenda."

Shangazi, nimefikiria dakika ile mara nyingi. Mpira ulinijia, nikauona upande wa kulia uko wazi, na Badar amesimama, hana haraka. Alikuwa na kila sababu ya kusimama. Nikikosea mara moja tu, nafasi yake inarudi. Nilifungua mdomo nitoe Kiarabu changu kilichopangwa, na badala yake ikatoka sauti yako.

"Barazani!"

Badar alikimbia nje, kuelekea mstari. Hakupata muda wa kuamua kama anataka. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya namna yako, akisikia neno lile kwa sauti ile, miguu inatangulia. Nikampelekea mpira mbele, pembeni kabisa, kwenye uwazi ule. Akatia krosi, mshambuliaji wetu akapiga kichwa. Tukawa sawa, bao moja kwa moja.

Alipokuwa anarudi katikati alinipita, akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwa Kiswahili, "Ita tena."

Nikaita. Sijawahi kuita namna ile maishani. Nikisema uani, mpira unarudishwa nyuma kwa Saidi. Nikisema barazani, tunapanuka pembeni. Wale ambao hawakujua neno walijifunza kwa kutazama wenzao. Wapinzani walianza kugombana wao kwa wao. Kuelekea mwisho tulipata mpira upande wao, Badar akawavuta mabeki wawili, nami nikapiga ukelele "Mlangoni!" na watu wetu wakamiminika mbele ya goli. Katika msongamano ule mpira ukamdondokea Hamed wa Qurayyat, akausukuma ndani kwa goti. Baadaye tulimuuliza alijuaje. Akasema hakujua lolote, ila kwa Mama Zuwena neno likiitwa watu wote huinuka, na safari hii hakutaka kubaki amekaa.

Refa alipopuliza, kabla hata sisi hatujapiga kelele, vigelegele vikatoka kwenye gari. Mabinti wa kando ya uzio wakageuka. Rashidi alijifunika uso. Kocha alikuja akaniwekea mkono begani, akaniambia sasa amenisikia, ila hajaelewa hata neno moja, na hana haja. Beki mmoja wa wapinzani naye alinifuata kunipa mkono, akaninong'oneza kwa Kiswahili safi kabisa, "Mimi nilisikia yote. Tatizo nilikuwa peke yangu." Ulimwita akaja kula kesho yake, Ijumaa.

Nilibaki katikati mpaka nilipohitimu. Badar alibaki kulia, kwa hiari yake, na tangu hapo hakukuita jina jingine ila shangazi. Siku tulipokuzika alishuka kaburini kabla ya Rashidi.

Bado mimi ni karani, Shangazi. Bado simu ikilia moyo unaruka. Ila mwezi uliopita mkuu wangu aliniuliza mbele ya watu ninaonaje juu ya jambo fulani, nikamjibu pale pale, bila kukagua, kwa lafudhi yangu yote. Hakuna aliyecheka. Na kama wangecheka, nilikuwa tayari.

Sasa la juzi. Nilipita chuoni nikitoka kazini, nikakuta mazoezi. Vijana wageni kabisa, sikumtambua hata mmoja, wanazungumza Kiarabu kitupu. Katikati alikuwa mdogo mmoja, mwembamba, amevaa jezi inayomzidi. Akapokea mpira, akainua kichwa, akapiga ukelele: "Barazani!" Na kijana wa kulia akachomoka kama mshale. Nilimwita mmoja aliyekuwa akinywa maji, nikamuuliza neno lile maana yake nini. Akaniambia ni neno la mpira, la timu yao, wamelikuta.

Sikumsahihisha. Niliegesha gari pale pale kando ya uzio, nikateremsha kioo kama ulivyoteremsha wewe, nikatazama mpaka adhana ya Magharibi. Walipofunga bao, mimi mwoga wako nikapiga honi mpaka wakageuka wote.

Lala kwa amani, Shangazi. Huku bado unaita, na bado wanakimbia.

Mimi mwanao, mtoto wa kaka yako,
Seif