Koti la Zenon

Msanzi, 6 Agosti 1976

Mdogo wangu Cornelia,

Hatujambo, ulezi tumevuna. Dume la ng'ombe la kijiji lilimpiga teke shemeji yetu Flavian pale joshoni, likamvunja mguu. Tangu Zenon wangu afariki halikubali mtu, hivyo kamati ikaamua lichinjwe. Nikaomba nijaribu kwanza, nikavaa koti la marehemu la kuchungia. Likaninusa, likanifuata kwa upole hadi mlangoni mwa josho, likatumbukia lenyewe.

"Shemeji, umelilisha dawa gani?" Flavian alipiga kelele, akiegemea magongo. Tulicheka sana, na dume likasamehewa.

Baada ya matanga ulinisihi nilifue koti lile. Sikuweza, Cornelia, bado lina harufu yake. Sasa mwenyekiti mwenyewe amepiga marufuku kuligusa kwa sabuni.

Dada yako akupendaye,
Luciana