Majina Thelathini Kabla ya Alhamisi

Jumamosi, 10 Oktoba 1970

Chumba nimepata! Karani wa elimu, kijana mwenye tai mpya, amesema niandikishe watoto wa kike thelathini kabla ya Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, chumba kiwe darasa langu. Wasipotimia, chumba wanapewa wavulana. Wavulana wana shule tayari. Wasichana hawana hata moja ya serikali.

Miaka sita tangu tuteremke Maskati kutoka Unguja, mimi na kofia, kofia na mimi. Nimedarizi mpaka vidole vimeota sugu. Naziona sokoni Matrah vichwani mwa wanaume, nasema moyoni: ile yangu, ile pia yangu. Na cheti cha ualimu kimelala sandukuni. Sasa basi.

Mume wangu Sleyum amenunua miwani ya jua. Ilikuwa marufuku mpaka serikali ilipobadilika Julai, kwa hiyo haivui, hata ndani ya nyumba. Leo amejikwaa kizingitini. Tumecheka sana.

Jumapili, 11 Oktoba

Aibu.

Nimeanza kwa Bibi Hind, maana mtaa mzima unamtazama yeye. Akiwapeleka wajukuu wake shule, wengine watafuata. Nimeingia, nimeamkia, nimekaa, nikasema: nimekuja kwa ajili ya shule. Tende hazijafunuliwa, kahawa haijamiminwa. Amesema kwa upole kwamba sisi watu wa Zinjibari, yaani wa Unguja, tuna haraka. Kisha tukazungumzia joto mpaka nikaaga.

Jirani yangu Masouda, mzaliwa wa hapa, amenicheka mpaka akashika mbavu. Halafu amenisomesha. Kwanza tende. Kisha kahawa. Kisha mwenyeji atauliza kuna habari gani, nawe utajibu hakuna, kheri tu — hata kama nyumba yako inaungua. Atauliza tena, utajibu hivyo hivyo. Baada ya hapo ndiyo unasema shida yako.

Kumbe nayajua haya. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hivyo hivyo kule Unguja, na sisi watoto tulimwona anapoteza wakati.

Jumanne, 13 Oktoba

Nyumba nne, majina tisa! Nimetulia kama maji mtungini, nimekunywa kahawa kila nyumba.

Nyumba ya tano nimeiharibu. Safari hii nilingoja mno. Vikombe vitatu, nikatikisa kikombe kuonyesha yatosha. Halwa nimekula. Mazungumzo matamu. Kikaja chetezo na ubani wa Dhofar, nikajifukiza kanga yangu, nikaanza: sasa, kuhusu shule — mwenyeji akasimama. Ubani ukishazunguka, mgeni anakwenda zake. Nilikuwa najua na nikasahau, mjinga mimi.

Kwa hiyo kazi yangu yote iko kati ya kahawa na ubani. Kabla ya hapo ni utovu wa adabu, baada ya hapo nimeshaagwa.

Jumatano, 14 Oktoba

Kumi na saba. Na binti yangu Nasriya amejiandika mwenyewe juu kabisa ya orodha, kwa hiyo kumi na nane. Sleyum anasema kina mama wanakubali kwa sababu Kiarabu changu cha jikoni kinawafurahisha. Nimemwambia avue miwani kwanza ndiyo aone vizuri.

Ijumaa, 16 Oktoba

Jana ishirini na mbili. Leo kumi na tano. Saba wamefutwa kwa siku moja! Kuna mtu ameeneza kwamba Mzinjibari anataka kuwafundisha watoto Kiswahili badala ya Kiarabu na kuwavisha magauni mafupi.

Nimelia kidogo. Nimekasirika zaidi. Babu yangu alitoka Samail, hapa hapa Omani, na jambia kiunoni. Mimi nimezaliwa Unguja, nikaondoka Unguja kwa sababu ni Mwarabu, na hapa mimi ni Mzinjibari. Sawa. Ni yote mawili, na silikani hata moja.

Sleyum amesema, “Mahfoudha, nnakuona umechoka. Waachie.” Baadaye amevua miwani akasema hakuwa na maana hiyo.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimerudi kwa Bibi Hind. Tende. Kahawa. Ameuliza kuna habari gani. Hakuna, kheri tu. Ameuliza tena. Hakuna. Mara ya tatu. Hakuna. Zamu yangu ya kusema ikafika, na nikaona jinsi uso wake ulivyojifunga tayari kunikatalia. Nikachukua tende nyingine.

Basi akaanza yeye. Amefungua kitambaa, ndani mna barua kutoka Unguja. Amekaa nayo mwaka mzima. Mwanawe anazisoma herufi maana ni za Kiarabu, lakini maneno hayaelewi, na Bibi Hind hakutaka kumpa mwanamume wa nje mambo ya nyumba yao. Nimeitazama. Kiswahili! Dada yake mdogo, aliyeolewa huko akiwa msichana, amemtamkia mjukuu wake maneno, naye ameandika kwa lugha anayoijua; chini ni ‘mdogo wako’ tu, bila jina.

Nimemsomea kwa Kiarabu changu cha jikoni. Dada yu hai. Meno yamemtoka. Anauliza kama mkunazi wa uani bado unazaa, na kwa nini dada yake amemnyamazia.

Bibi Hind alidhani amekufa tangu sitini na nne. Alishaomboleza. Mwaka mzima habari ya uhai wa dada yake ilikuwa chini ya mto wake, asijue. Amenifanya nisome mara nne. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mtumishi akaleta chetezo. Bibi Hind amemrudisha nacho mlangoni! Amesema ubani ungoje, mwalimu ana kazi ya kuandika. Ameniita mwalimu. Kisha akanitajia: Sayyida, Muhsina, Hamdiya. Wajukuu wote watatu. Akanitajia na wa nyumba ya pili, na ya tatu, bila kuwauliza wenyewe.

Jumatano, 21 Oktoba

Thelathini na sita! Leo kina mama wanakuja kwangu. Nawawekea tende, namimina kahawa, nauliza kuna habari gani. Hakuna, wanasema, kheri tu. Nami nakaa natabasamu na roho juu, nangoja wamalize.

Alhamisi, 22 Oktoba

Arobaini kamili. Karani amesoma orodha mara mbili. Ufunguo ninao mkononi, mzito, una kutu, mzuri kuliko bangili. Wasizidi arobaini, amesema. Jumamosi saa nne atakuja kuhakikisha.

Jumamosi, 24 Oktoba

Naandika darasani. Wamo hamsini na saba. Dada wamekuja na wadogo zao, jirani na jirani. Nimewapa waandike alifu, nusu yao kwa vidole kwenye vumbi la sakafu kwa sababu chaki haitoshi. Sayyida anamshika mkono mwenzake amwonyeshe. Sijawahi kusikia kimya kizuri namna hii. Nina furaha mpaka kifua kinauma.

Saa nne kasoro. Mlangoni amesimama baba mmoja na binti wawili, vumbi mpaka magotini. Wamevuka mlima kwa miguu kutoka kijiji cha Qantab tangu alfajiri. Hakuuliza ada wala kitu. Ameuliza tu kama amechelewa.

Nimemwambia hajachelewa. Nafasi ya kukunja goti hakuna, kwa hiyo nimewapa kiti changu wakae wote wawili, naandika nimesimama. Viatu vya karani nimeshavisikia ngazini. Anagonga. Watoto hamsini na tisa wamemwitikia kwa pamoja aingie, kabla sijafungua kinywa.