Deni Lililoandikwa kwa Jina Letu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Tarehe 9, mwezi wa kumi.

Mpendwa mjukuu wangu, wajina wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Unakula? Unalala? Kile kikohozi chako kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Jibu moja moja, usiniandikie "niko poa" kama ulivyomwandikia baba yako. Poa ni chai iliyosahauliwa mezani.

Sisi huku wazima. Baba yako ana mgongo wake, mama yako ana maneno yake, na mimi nina miguu yangu inayovimba jioni. Hapo hakuna jipya. Mdogo wako amerefuka mpaka suruali zinamkimbia.

Tangu mwezi wa tano simu yako haipatikani. Mwanzoni nilisema mtoto ana kazi. Kisha nikasema simu imeibiwa. Huo ujumbe wako mmoja ulikuja kwa namba ngeni. Nilipoipiga, mwanamume akaniambia ni simu ya dukani, kila mtu huiazima. Baba yako anasema, "Mama, yule mtu mzima, muache apumue." Nikamwambia hata wewe ni mtu mzima na bado nakuuliza umerudi saa ngapi.

Utajiuliza nimeitoa wapi anwani hii mpya ambayo hukutupa. Nimeipata kwa watu wasiokujua. Kaa nikueleze.

Unajua nafua mashuka ya ile nyumba ya wageni karibu na kituo. Mwenyewe ameongeza vyumba. Akaniambia, "Mama, ukipata mashine ya kufulia, kazi yote ni yako. Usipopata mpaka mwisho wa mwezi, nampa yule wa mtaa wa juu mwenye mashine mbili." Na mikono yangu imeshachoka, sikufichi. Nikaenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, ambacho nimekaa nacho tangu wewe hujazaliwa, kuomba mkopo wa mashine. Katibu, ambaye siku zote hunichekea, akaangalia kompyuta, akaacha kucheka. "Bibi, jina lako limo kwenye wadaiwa sugu."

Mimi! Mimi ninayerudi dukani na chenji iliyozidi! Nilimpa maneno ambayo siyaandiki, maana barua inapita mikononi mwa watu wa posta. Foleni nzima ilinisikia. Nilitoka nimenyooka kama mlingoti, wala sikugeuka nyuma.

Katibu alisema niende kwenye kampuni inayotunza taarifa za mikopo za watu, niombe yangu, nione nani ananidai. Hebu fikiri. Watu nisiowajua wana habari zangu kabatini, halafu mimi ndiye niende nikapige magoti.

Dirishani yuko karani, msichana mwenye kucha ndefu, anabonyeza kwa ncha ya kalamu. Kwanza akataka kidole. Mashine ikakikataa. Tukajaribu vyote. "Bibi, vidole vyako havina alama." Nikamwambia alama zilibaki kwenye mashuka ya watu. Basi akasema atanihakikisha kwa maswali. Kati ya mitaa hii, uliishi upi? Nikasema hakuna. Mwajiri wako ni yupi kati ya hawa? Hakuna. Ulikopa kwa ajili ya nini: samani, ada au matibabu? Sikukopa! Kompyuta ikajifunga. "Bibi, umeshindwa maswali. Inasema wewe si wewe."

Kwenye kudaiwa, mimi ni mimi. Kwenye kuonyeshwa ninachodaiwa, mimi si mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, kama mimi si mimi, na deni nalo si langu. Nipe karatasi inayosema hivyo niende zangu." Akacheka, kisha akaziba mdomo, maana mkubwa wake alikuwa nyuma yake.

Wakataka kitambulisho, picha, na barua ya ofisi ya mtaa. Nikapeleka. Nikaambiwa hakuna mtandao, njoo kesho. Nikaja. Nikaambiwa aliyepokea karatasi zangu yuko likizo. Nikapiga namba yao ya msaada, nikasikilizishwa muziki mpaka salio likaisha. Wimbo wenyewe sasa naujua wote, na wala si mzuri.

Juzi wamenipa hiyo taarifa yangu. Nimesoma mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari. Jina ni letu. Tarehe ya kuzaliwa ni yangu. Mtaa si wangu, na ndiyo anwani niliyoandika kwenye bahasha hii. Mwajiri ni ile kampuni ya bima iliyokuajiri, na mbele yake wameandika: ajira imekoma, mwezi wa nne.

Nikasoma tena. Hasira zote nilizopanda nazo ngazi za ile ofisi zikanitoka, nikaingiwa na baridi.

Karani akanieleza. Ulipokopa, uliniandika mimi kuwa ndugu wa karibu. Majina yetu ni yale yale, basi wakatuchanganya kama nguo za nyumba mbili kwenye beseni moja. Mpaka mwezi wa nne ulikuwa unalipa bila kuruka. Kuanzia wa tano, hakuna kitu. Karani akasema ni jambo dogo: nijaze fomu ya pingamizi, watanitoa, deni lote lihamie kwako peke yako, na mashine yangu nitaipata. Alishaniwekea na alama pa kutia sahihi.

Nikamuuliza, mkopo wenyewe ulikuwa wa nini? Akatazama. Matibabu. Mwezi wa sita, mwaka juzi.

Ewe mtoto wewe! Mwezi wa sita mwaka juzi ndipo nilipotolewa mtoto wa jicho. Ulitwambia ofisi yenu hulipia mpaka bibi wa wafanyakazi. Na mimi nikazunguka mtaa mzima najisifu, mpaka fundi viatu hapa jirani akawa akiniona anajifanya kutafuta sindano.

Ile fomu ina mstari unaosema: sikuchukua mkopo huu, wala sikunufaika nao. Nimeusoma mstari huo mpaka nimechoka. Nausoma kwa macho ya nani?

Sikutia sahihi. Na usianze kulia, sijamaliza kukugombeza. Nani alikutuma? Ningekaa na ukungu wangu. Haya, si kweli, nisingekaa. Nilikuwa nimeshaunguza mashuka matatu kwa pasi. Lakini ungesema! Tungechanga. Baba yako angeuza pikipiki ile anayoipenda kuliko mama yako. Umejibebesha peke yako, kazi ikaisha, ukaona aibu, ukajificha. Aibu ya nini, na mbele ya nani? Dawa ya deni ni kulipa, si kuzima simu. Ukaidi huu umeutoa kwangu, najua, lakini mimi nilikupa jina tu, hayo mengine umejichukulia.

Jumatatu naenda kwa hao waliokukopesha nianze kulipa kidogo kidogo. Karani amenionya, "Bibi, ukilipa umekubali ni lako. Pingamizi limekufa hapo." Nikamwambia life, tutalizika. Mwenye nyumba ya wageni nitamwomba anivumilie. Akikataa, ampe huyo wa mashine mbili. Itaniuma, lakini nitabaki na wateja wangu wa mtaani, na sabuni ninayo.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: malalamiko ya mwenye chumba, kodi haijalipwa, mwezi wa nane. Huu ni wa kumi. Sijui barua hii itakukuta nyuma ya mlango huo, au ulishatolewa nje na virago vyako. Unalala kwa nani? Nani anajua kwamba ukiugua husemi? Nikisikia pikipiki inasimama nje, moyo unaruka. Nikisikia inaondoka, nakaa.

Kama aliyefungua barua hii ni mwenye chumba, basi soma, baba au mama, sitakugombeza. Mtoto huyu ana kwao. Ana watu. Kodi yako iandike pembeni tutazungumza, namba yangu iko nyuma ya bahasha. Ukijua aliko, mpelekee. Ukiwa hujui, nipigie uniambie hivyohivyo kwamba hujui, kuliko kunyamaza.

Na kama ni wewe, mama yangu, sitaki maelezo. Azima simu ya mtu, unibipu. Mlio mmoja unatosha, nitapiga mimi. Nauli ya kurudi nimeshaiweka pembeni na baba yako hajui.

Baba yako anakusalimu, anajifanya hana wasiwasi. Mama yako anakusalimu na ameanza kuosha vyombo vilivyo safi. Mdogo wako anauliza utamletea nini. Nimemwambia utajileta wewe. Shangazi yako naye salamu nyingi.

Mungu akufunike popote ulipo, akupe paa na mtu mwema wa kukufungulia mlango.

Wako akupendaye, mwenye simu mkononi hata jikoni,

Bibi yako.